Vichwa vya Treni vya Stalin Vilivyoishia Montana

Kila hadithi ya Little Joe inaposimuliwa, husimuliwa kwa sababu ya jina. Stalin aliagiza vichwa vya treni vya umeme kutoka Marekani, Vita Baridi vikaingia katikati, mzigo ukabaki mikononi mwa muuzaji, na wafanyakazi wa reli wa Marekani wakavipa jina la utani la mteja aliyevikosa: Little Joe, yaani Joe mdogo, kutokana na Joseph Stalin. Ni kisa kitamu na sichoki kukisikia. Ila kinachoniuma katika historia ya vichwa hivi ni mambo yaliyofanyika baadaye, ndani ya kampuni ya reli iliyovipata kwa bei ya kutupa, ikavifaidi kwa zaidi ya miaka 20, kisha ikazima umeme wakati ambao ulimwengu mzima ulikuwa unalia na bei ya mafuta.

Tuanzie kiwandani. General Electric (GE) ilivitengeneza huko Erie, Pennsylvania, kati ya 1946 na 1948. Vilikuwa 20. Umoja wa Kisovyeti ulitoka vitani reli zake zikiwa hoi, ukataka vichwa vya umeme vya kuvuta mizigo mizito kwenye njia zake za volti 3,000 za mkondo mnyoofu (DC). Kilichotoka Erie kilikuwa dude la karibu mita 27, mota 8, kila mota ikiendesha ekseli yake, na nguvu inayopita farasi 5,000. Kwa wakati ule, kichwa kimoja chenye nguvu hizo kilikuwa habari kubwa. Dizeli za kawaida za miaka ile zilikuwa na nguvu za farasi 1,500, kwa hiyo ilibidi ziunganishwe tatu au nne ndipo zifanye kazi ya Joe mmoja.

Mwaka 1948 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuuza bidhaa za namna hiyo kwa Wasovyeti. Vichwa 14 vilikuwa vimeshajengwa kwa upana wa reli wa Kirusi, milimita 1,524. Sita vya mwisho vikajengwa kwa upana wa kawaida wa Marekani, maana ilishajulikana kwamba Moscow haitavipokea. Basi GE ikabaki na vyuma 20 vipya kabisa, vikitafuta mwenyewe.

Na mwenyewe alikuwepo. Kampuni ya Milwaukee Road ilikuwa na njia ya umeme tangu enzi za Vita ya Kwanza ya Dunia, kutoka Harlowton, Montana, hadi Avery, Idaho, karibu kilomita 705 kupita Milima ya Rocky. Umeme wake ulikuwa wa volti 3,000, mkondo mnyoofu, mfumo uleule wa Wasovyeti. Vichwa vyake vya zamani, vilivyotengenezwa na GE hiyohiyo kuanzia 1915, vilikuwa bado vinapanda milima lakini vimechoka. Bahati ya namna hii huja mara moja. Wakuu wa kampuni wakatoa ofa ya dola milioni 1 kwa vichwa vyote 20 pamoja na vipuri, bei iliyokuwa juu kidogo tu ya chuma chakavu. GE ikakubali. Bodi ya wakurugenzi ikakataa.

Hapa ndipo mimi huwa nasimama kila ninaposoma kisa hiki. Mainjinia walishaona thamani, muuzaji alishakubali, bei ilishakuwa ya kuokota, na bado watu waliokaa mbali na milima wakasema hapana. Mwaka 1950 Vita vya Korea vikalipuka, bodi ikageuza nia, ikarudi kwa GE. Kumbe wengine walishatangulia. Vitano vilikuwa vimechukuliwa na Companhia Paulista ya Brazil, vitatu na reli ya South Shore inayofika Chicago, na vipuri havikuwepo tena. Milwaukee ikapata 12 tu, kwa milioni ileile. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wanasema wahenga, lakini mwenye kusitasita naye hukuta sinia limepungua.

Hata hivyo, 12 hao walifanya kazi ya kutukuka. Kumi walipewa namba E70 hadi E79 kwa ajili ya mizigo. Wawili, E20 na E21, wakaanza na abiria na baadaye nao wakahamishiwa kwenye mizigo. Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika sehemu hii ni Laurence Wylie, injinia wa umeme wa kampuni. Bodi iliona vyuma vya mtumba. Wylie aliona mfumo unaoweza kunolewa. Volti za kwenye nyaya zikapandishwa hadi 3,400, na hapo Joe akaongeza nguvu bila kubadilishwa mota. Kisha akabuni njia ya kumwezesha dereva wa Joe aendeshe pia dizeli zilizounganishwa nyuma yake. Dereva alikaa kwenye kiti kimoja, mkono wake ukaamuru umeme wa nyaya na injini za mafuta kwa pamoja. Mashine mbili za tabia tofauti kabisa zikavuta treni moja, na dizeli zikaweza kupanda milima pamoja na Joe badala ya kufunguliwa mwanzo wa njia ya umeme na kuungwa nyingine mwisho wake.

Tena kuna ile breki. Joe akishuka mlima na maelfu ya tani nyuma yake, mota zake zinageuka kuwa jenereta. Uzito wa treni ndio unaozizungusha, umeme unaozalishwa unarudi kwenye nyaya, na treni nyingine inayopanda mahali fulani kwenye njia ileile inautumia. Dizeli za siku zile zilikuwa na breki ya mota pia, lakini nguvu yote iliishia kuwa joto na kupeperuka juu ya paa. Katika njia yenye miinuko inayofikia asilimia 2, tofauti hiyo inaonekana kwenye bili ya kila mwezi.

Kasoro ilikuwepo, na nitaitaja maana watetezi wa uamuzi wa kampuni huishikilia sana. Umeme wa Milwaukee ulikuwa wa vipande viwili. Kipande cha pili kilikuwa jimbo la Washington, kutoka Othello hadi Tacoma, na kati ya Avery na Othello kulikuwa na zaidi ya kilomita 300 zisizo na nyaya. Pengo hilo halikuzibwa kamwe. Miaka ikapita, vituo vya kupozea umeme vikazeeka, nyaya zikazeeka, matengenezo yakaahirishwa. Kipande cha Washington kikazimwa kwanza. Februari 1973 kampuni ikatangaza kwamba inaachana na umeme kabisa. Moja ya hesabu zake ilikuwa kwamba shaba ya zile nyaya ingeuzwa na kuingiza fedha.

Oktoba mwaka huohuo yakaja mapigano ya Mashariki ya Kati na vikwazo vya mafuta. Hadi mwanzo wa 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda karibu mara nne, kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12. Kampuni yoyote yenye nyaya tayari juu ya reli ingesimama ifikirie upya. Milwaukee haikusimama. Tarehe 15 Juni 1974 kazi ya umeme ikafika mwisho, na kampuni ikaanza kununua mafuta kwa bei mpya ili kupanda milima ileile. Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lilijazwa vizuri kabisa, na mali ikapotea kwa kulifuata.

Nimeshaambiwa na wapenzi wenzangu wa reli kwamba Milwaukee ingekufa tu, iwe na umeme au bila umeme. Kwamba ilikuwa na madeni, ushindani ulikuwa mkali, njia yenyewe ilikuwa mbovu. Nakubali kwamba umeme pekee usingeiokoa. Ilifilisika Desemba 1977, na Machi 1980 ikaitelekeza njia yote ya magharibi ya Miles City, pamoja na ile milima. Ninachokataa ni lile neno linalofuata daima, kwamba vichwa vyenyewe vilikuwa vimepitwa na wakati.

Kama vilipitwa na wakati, mbona ndugu zao waliendelea? Vile vitatu vya South Shore, vilivyobadilishwa vitumie volti 1,500, viliburuta mizigo Indiana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kimoja kati yao, namba 803, kipo katika jumba la makumbusho ya reli la Union, Illinois, na kinatembea. Kati ya vile 12 vya Montana kimebaki kimoja tu, E70, pale Deer Lodge. Na vile vitano vya Brazil, ambavyo wenyeji nao waliviita kwa jina la utani "Russa", yaani Mrusi, vilitoka katika oda ileile ya Erie, kwa mchoro uleule. Vilifanya kazi São Paulo hadi miaka ya 1990.