Shemeji Amenunua Darubini

Tangu shemeji anunue darubini ya mtumba, Jumamosi zangu zimekwisha. Saa kumi na moja alfajiri yuko getini anapiga honi, eti ndege huonekana vizuri kabla jua halijapanda. Ndege gani, jamani? Kwarara wanatua kwenye paa langu kila alfajiri wakipiga kelele kama kamati ya harambee iliyokosa mweka hazina, na sijawahi kudaiwa tiketi. Hao shemeji hawataki. Anataka wa kulipia.

Basi tunaingia Mbuga ya Ziwa Nakuru, pua na mdomo na jiji. Ananihubiria: mbuga ya taifa tangu 1968, aina zaidi ya 400 za ndege. Mimi natafuta flamingo tu, wale wa kalenda ya kinyozi. Kumbe wengi walishahama! Ziwa lilifura miaka ya 2010 likameza hata lango kuu, chumvi ikapungua, mwani wanaokula ukaadimika, wakaenda zao Bogoria. Ati chakula kimepungua. Kwangu unga ukiisha nahamia wapi? Naenda kwa mwenye duka, anaandika daftarini, maisha yanaendelea.

Kwenye migunga ya gome la manjano tukakuta kifaru. Kifaru mzima, kando ya barabara, anatafuna nyasi taya likienda upande upande, sikio moja linafukuza nzi. Nikatoa simu. Shemeji hata mwendo hakupunguza! Mbele kidogo akakanyaga breki, chai yote magotini kwangu.

"Usitikisike!"

Kindege. Rangi ya matope, kimetua juu ya unyasi. Sistikola, asema. Ziko aina nyingi, sura ni ileile, mpaka kiimbe ndipo ujue ni kipi.

Hakikuimba. Tukangoja. Vioo tumepandisha kwa ajili ya nyani, kushuka garini ni marufuku ila mahali palipotengwa, na chai ile ambayo haikumwagika ilikuwa imeshafika kibofuni. Nyani mmoja akaja akaketi kwenye boneti, akakunja mikono, akatutazama sisi. Huyo angalau alipata burudani.

Jioni mke wangu akauliza tumeona nini. Kabla sijamtaja kifaru, kaka yake akadakia: "Hakuna kitu, dada. Hakikuimba."