Lukemia kali: jicho liaminiwe mpaka wapi?

Lukemia kali ni saratani ya damu inayokwenda mbio, na wapo wanaosema kutazama seli zake kwa hadubini kunatosha kujua aina yake. Nianze na aina iitwayo M3, maana ndiyo inayowapa nguvu watetezi hao wa hadubini. Slaidi ikishapakwa rangi, seli zake huonekana zimejaa punje za zambarau mpaka kiini kinafichika, na katika baadhi yake vijiti vyembamba viitwavyo vya Auer vimelala pamoja kama mzigo wa kuni. Mgonjwa wa M3 anaweza kuvuja damu ubongoni akafa siku chache tu baada ya kufika hospitali. Ndiyo maana daktari akiishuku kwa macho huanza dawa ya ATRA, jamaa ya vitamini A, siku hiyohiyo, huku kipimo cha jeni za PML na RARA zilizoungana kikisubiriwa. Jicho likiwa limekosea, vidonge vinasitishwa na hasara ni ndogo. Likiwa sahihi, kila saa ni mali.

Ila hesabu hiyo haihami na kwenda aina nyingine. Mwaka 1976 wataalamu wa Ufaransa, Marekani na Uingereza waligawa lukemia kali kwa sura ya seli: za limfu, moja ya koo mbili za seli za damu, zikawa L1 hadi L3, na za mieloidi, ukoo wa pili, zikaanza na M1 hadi M6. Ilikuwa kazi kubwa, na kwa mara ya kwanza madaktari wa nchi mbalimbali wakaongea lugha moja. Baadaye L1 na L2 zikaachwa: wasomaji wawili wa slaidi moja waliweza kutofautiana, na jibu lenyewe halikubadili sana tiba. L3 ndiyo iliyobaki na uzito. Seli zake za buluu iliyokolea, zenye vitundu vyeupe kama chapati iliyofura mafuta, ni ndugu wa uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda.

Tena hata M3 yenyewe hudanganya. Ipo sura yake ambayo punje ni ndogo mno kuonekana, na kiini kimegawanyika pande mbili, ukaidhania lukemia ya monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe. Kuvuja damu ni kulekule. Hapo jicho linateleza pale pale lilipotakiwa kusaidia zaidi, na kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yake.

Bado sioni sababu ya kuitupa hadubini. Ninachokataa ni kuiachia ichague kati ya limfu na mieloidi kwa umbo peke yake. Tiba za pande hizo mbili hazifanani, na dozi za kemotherapi hazirudishwi kama vidonge vya ATRA. Kijiti cha Auer kikionekana, ni mieloidi. Kisipoonekana hakijathibitisha lolote, na sampuli lazima iende kwenye kipimo cha alama za protini zilizo juu ya seli, hata msomaji wa slaidi awe na uzoefu wa miaka 30.