Tundu la stuli

Juzi jioni, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, muuza kahawa alikuwa anapanga stuli zake za plastiki ili afunge kazi. Fundi cherehani akamshika mkono. "Hebu ngoja. Hili tundu la katikati la nini?"

Hakuna aliyeondoka tena. Mwalimu mstaafu akasema ni la kupitisha maji ya mvua. Kijana wa bodaboda akasema ni la kuingizia kidole, ubebe stuli nne kwa mkono mmoja. Alishaitoa simu ahakikishe, mwalimu akamwambia, "Iweke kwanza, mwanangu, tulifikirie."

Muuza kahawa hakujibu kitu. Alileta ndoo zake mbili zilizokwamana tangu asubuhi, akatuwekea mbele. Tukavuta, huyu huku na yule kule, zikagoma. Kisha akapachika stuli mbili, akavuta ya juu kwa vidole viwili. Ikatoka papo hapo. Ndoo haina pa kuingizia hewa chini, stuli inapo.

Hapo mlango wa mazungumzo ukafunguka. Mwalimu akakumbuka kopo la maziwa: ukilitoboa tundu moja maziwa yanatoka kwa kwikwi, ukitoboa la pili ng'ambo yanamiminika. Fundi akachomoa kalamu ya Bic sikioni. Ubavuni ina kitundu, ili hewa iingie na wino ushuke. Kifuniko nacho kimetobolewa nchani tangu 1991, mtoto akikimeza kikamkaa kooni, apate pa kupumulia. Tukaipokezana kalamu ile kama kitu kigeni, na sote tumeandika nayo tangu darasa la kwanza.

Bibi wa nyumba ya pili alikuwa anatusikiliza dirishani. "Na kanga je, mnazozifunga mkienda kuoga? Mnajua kwa nini jina, yale maneno yake, liko pale?" Akatoka na kipande, akakitandaza juu ya magoti yetu. Pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji, karibu na pindo la chini. Akajifunga kiunoni juu ya gauni, akageuka. Maneno yakaangukia nyuma, kwenye nyonga. Aliyevaa hayaoni. Anayeyasoma ni yule anayekuja nyuma yake, na mara nyingi ndiye aliyekusudiwa.

Watu huyaita mazungumzo haya porojo, soga zisizo na kichwa wala miguu. Mimi sikubali. Nimekaa kwenye vikao vyenye ajenda, kalamu na maji ya chupa, na sikumbuki kimoja kilichonifunza kuangalia vitu kama saa ile moja ya stuli. Kikao hujua kinakokwenda kabla hakijaanza. Soga hufuata kitu chenyewe, na kila mtu huleta alichokizoea kwa mikono yake: fundi kalamu yake, bibi kanga yake, muuza kahawa ndoo. Simu ingetupa jibu la tundu la stuli kwa sentensi moja, na tusingefika kwenye kanga.

Tena tusisahau tulikuwa tumekaa juu ya nini. Kibaraza chenyewe ni ubunifu mkubwa kuliko vyote tulivyovijadili. Waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja na miji mingine ya pwani waliweka benchi la mawe nje, likiwa limeshikana na ukuta wa nyumba, ili mgeni apate pa kukaa bila kupita mlangoni. Mpita njia hahitaji mwaliko. Mwenye nyumba hana haja ya kutandika. Ndiyo maana neno hilihili tumelipandisha hadi Baraza la Mawaziri: watu walianza kushauriana wakiwa wamekaa hapo.

Siku hizi tunajenga ukuta, juu yake vigae vya chupa, mbele geti la chuma lisilo hata na kivuli cha kusimama. Halafu tunalalamika kwamba majirani hatujuani. Linaniuma, kwa sababu baraza hatukunyang'anywa. Tumeacha kulichora kwenye ramani zetu.

Nyumba yangu imefika kwenye renta. Nimemwambia mwashi ukuta wa mbele uwe na kibaraza upande wa barabarani, kimo cha goti, chenye upana wa kutosha watu kukaa na sinia la kahawa katikati yao.