Chaneli ya 7, Nambari ya 12

Aliyeandika kwenye boksi kwamba redio hizi za upepo, zile za mkononi za kuitana, hufika maili 35 bila shaka alipima akiwa juu ya mlima, akizungumza na mwenzake aliye juu ya mlima mwingine, na kati yao pakiwa na bonde tupu lisilo na hata mbuzi. Mimi nilizinunua kwa ajili ya bustani moja ya burudani huko Orlando, jimbo la Florida, ambako hakuna mlima, na kati yangu na mama watoto palikuwa na vyuma, zege na maelfu ya watu waliovaa kaptura. Mawimbi ya redio hizi, yenye masafa ya megahezi 462, hayapatani na vyuma wala na miili ya watu, na redio yenyewe ina wati 2 tu, nguvu ambayo hata taa ya chooni kwetu inaizidi. Maili 35 zikawa, kwa kukadiria, umbali kati ya foleni ya tiketi na foleni ya soda.

Kwa nini nilizinunua, ilhali kila mtu ana simu? Nimeulizwa hivyo mara nyingi tangu turudi. Simu za nyumbani kwangu hufika saa sita mchana zikiwa zimekata roho, kwa kuwa asubuhi nzima hutumika kumpiga picha mtu anayepiga picha. Redio hizi hutumia betri za dukani, hazina malipo ya mwezi, wala hazihitaji leseni, tofauti na zile za daraja la juu ambazo serikali ya Marekani hutoza dola 35 kwa leseni ya miaka 10. Kwa mtu aliyekwisha kulipia maegesho ya gari kwa bei ya majogoo wawili, maneno "bila leseni" ni matamu kuliko tende.

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, alikuja na kubwa kuliko langu: skana, yaani redio isiyosema bali husikiliza tu, ambayo hupita masafa baada ya masafa na kusimama palipo na sauti. Alidai kwamba atawasikia mafundi wakiitana kabla mtambo haujafungwa, kisha atuongoze kwenye foleni fupi. Tukiwa njiani kijana wangu akasoma kwamba sheria ya Florida inakataza kusafiri garini na chombo kilichotegwa kwenye masafa ya polisi, isipokuwa kwa wachache wenye ruhusa. Shemeji, ambaye leseni pekee aliyo nayo ni ya kuendesha gari, akatoa betri, akaifunga skana ndani ya kanga na kuikalia hadi tukafika. Sikusema neno. Shemeji hasemwi, hasa akiwa amechangia mafuta.

Chaneli za redio hizi ni 22, na Jumamosi ya mwezi wa Julai kila chaneli ina ukoo wake. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha kujua ni mtoto wa nani aliyetapika, ni bibi yupi aliyesahau dawa hotelini, na ni bwana gani anayedanganya kwamba yuko kwenye foleni ilhali amekaa kivulini. Nikafungua kijitabu cha maelekezo, nikakuta habari njema: kuna nambari 38 za faragha. Nikaziweka redio zetu zote kwenye chaneli ya 7, nambari ya 12, na papo hapo dunia ikanyamaza. Zaidi ya hayo, tulikuwa tunazungumza Kiswahili. Nikajiona nimefunga mlango kwa kufuli mbili.

Saa nane mchana mbingu zikafunguka. Huko Florida radi za kiangazi huja alasiri kama mdai wa kodi, na inapopiga karibu, michezo ya nje husimamishwa na umati wote hukimbilia chini ya paa. Mimi na kijana wangu tukakimbilia upande huu, mama watoto na wadogo wakakimbilia upande ule. Nikabonyeza, nikaita. Kimya. Nikaita tena kwa heshima, halafu kwa heshima kidogo, na baada ya robo saa nikawa natoa hotuba. Nilieleza kwamba mwanamke huyu hakuanza leo kutoitika. Kwamba ni mafunzo aliyoyapata kwa mama yake. Na kwamba mama mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, angeweza kuitwa na kengele ya moto asigeuke.

Kijana wangu akaninyang'anya redio. Ndipo nilipofahamishwa, na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kwamba nambari ya faragha haimfichi mtu chochote. Inakuzibia wewe masikio tu usiwasikie wengine. Wao, ikiwa hawakuweka nambari, wanakusikia vizuri kabisa. Chupa ya chai iliyokuwa mkobani mwa mama watoto ilikuwa imebonyeza redio yake ikahamia nambari ya 13. Yeye alikuwa ananiita bila kunisikia, mimi nilikuwa namwita bila kumsikia, na chaneli nzima ilikuwa inatusikiliza sote wawili.

Kijana akairudisha redio yangu kwenye sifuri, yaani bila nambari. Sauti ya mama mmoja ikatoka, Kiswahili cha Kongo kisicho na shaka: "Papa? Papa wa Kiswahili? Bibi yako iko hapa chini ya paa ya kijani, iko na kasirani mingi."

Miguu ikaniisha nguvu. Bibi yangu amelala makaburini Pangani kwa miaka mingi, na kusema kweli hata alipokuwa hai hakupenda kusafiri. Ilibidi kijana anikumbushe kwamba kwa Wakongo bibi ni mke.

Tulimkuta shemeji amekwisha kutangulia chini ya paa lile, visikilizio vikiwa bado masikioni. Alilalamika kwamba mazungumzo ya wafanyakazi wa bustani yanatumwa kidijitali, hivyo siku nzima ameambulia mlio wa bisi zikipasuka. Chaneli pekee iliyosikika vizuri, alisema, ilikuwa na mwanamke mmoja akigomba kwa Kiswahili. Skana ilisimama kwake mara tatu, naye mara zote tatu akamruka, kwa kuwa alikuwa anatafuta mambo ya maana.

Mama watoto hakumjibu, kwa sababu wakati huo mama wa Kongo, aliyekuwa ameshika mwavuli na redio yake ndogo ya njano, alikuwa akinitazama kwa furaha ya mtu anayekutana na mtangazaji anayempenda.

"Ah!" akasema. "Ni huyu papa wa mama mukwe!"

Mama watoto akaizima redio yake polepole, akanigeukia.

"Mama mkwe yupi?"