Njuga za Nyapara Katika Kanivali ya Oruro

Jumamosi ya kabla ya Kwaresima, mji wa Oruro nchini Bolivia, ulio mita 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari, haulali. Vikundi vya ngoma hucheza mpaka kanisa la Bikira wa Socavón, mlinzi wa wachimba madini, nyuma yao matarumbeta yakivuma. Vijana wengi wanapenda ngoma ya caporales: mabuti yenye njuga, mjeledi mkononi, miruko mirefu. Mdundo wake, watu wengi huuita saya.

Jina hilo ndilo linalozua mgogoro. Saya ni ngoma ya Wabolivia weusi wa mabonde ya Yungas, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa milima ya Andes utumwani. Haina tarumbeta hata moja. Ina ngoma kubwa kwa ndogo, mwanzi wenye meno unaokwaruzwa, manju anayetoa mstari na kundi linaloitikia. Caporales ilibuniwa La Paz mwaka 1969, ikichota kwa watu hao wa Yungas. Na caporal ni nyapara, yule aliyewasimamia watumwa kwa kiboko! Leo ndiye anayeshangiliwa.

Wanaoitetea caporales wana hoja nzito. Muziki wa kanivali umekua kwa kuazimana, hata matarumbeta yenyewe ni ya kuja. Caporales ina ufundi wake, na kijana wa Kibolivia anayeicheza ugenini Buenos Aires, Argentina, anajiona yuko kwao. Sioni haki ya kumvua njuga zake.

Ninachokikataa ni jina. Maneno ya saya ndiyo kumbukumbu ya watu hawa, na tena yamekuwa sauti yao ya kudai haki. Vijana wa Coroico, mji wa Yungas, walipoifufua saya miaka ya 1980, walidai watambuliwe pia. Sensa ya 2001 haikuwawekea nafasi yao. Katiba ya 2009 ikawataja, na sensa ya 2012 ikawahesabu. Sasa msikilizaji akizoea kwamba saya ni ile ya mabuti, wenyewe wakija na ngoma zao ataona wamekosea.

Wabolivia wanaujua uchungu huu. Lambada iliyotikisa dunia mwaka 1989 ilichukuliwa kutoka kwa wimbo wa 1981 wa Los Kjarkas, kundi la Kibolivia, nao wakaupigania mpaka wakatambuliwa. Basi mtangazaji wa Oruro aseme caporales wanapopita caporales, na neno saya aliweke mpaka ngoma za Yungas zifike.