Tunaisingizia turbo

Mtu akisema anataka kufunga turbo, kifaa kinachoshindilia hewa zaidi ndani ya injini, kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la michezo lililotoka 1989, ataambiwa mambo mawili kabla hajamaliza sentensi: injini haitamaliza mwaka, na anaharibu gari lililokuwa kamili. Hilo la kwanza limerudiwa mno hadi hakuna anayelihoji.

Wanaolisema wana hoja. Injini ile ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi (hp) 116 hivi, hubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 9.4 kabla ya kuuwasha. Kiwango hicho ni sawa kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Ukiishindilia hewa zaidi, petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga na pistoni zikapasuka. BMW ilipotengeneza gari lake liitwalo 2002 Turbo mwaka 1973 ilishusha kiwango hicho cha kubana, yaani mgandamizo, hadi 6.9 kutoka 9.5 ya 2002 tii, ndugu yake isiyo na turbo. Porsche ilishuka hadi 6.5 kwenye 911 Turbo ya 1975.

Lakini magari hayo mawili hayakuwa na intakula, kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, na hapo ndipo mjadala mzima unapopindika. Tuseme hewa inaingia ikiwa na nyuzi joto 25, nawe unaongeza shinikizo la bar 0.5, yaani kama nusu ya shinikizo la kawaida la hewa. Kuibana tu huipasha joto: turbo ya kawaida itaitoa ikiwa na nyuzi 80 hivi. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo ile asilimia 50 uliyodhani umeongeza inabaki kama 27. Umelipia nusu nzima, umepata robo na kidogo, na juu yake umeipelekea injini joto lile lile linaloifanya igonge. Ipitishe hewa hiyo kwenye intakula ishuke hadi nyuzi 45, na ongezeko linarudi karibu asilimia 40. Shinikizo ni lile lile, turbo ni ile ile. Kilichobadilika ni joto, na joto halina jina kubwa la kujivunia mbele ya marafiki, ndiyo maana intakula hununuliwa mwisho.

Adui wa pili ni petroli kidogo. Kompyuta ya injini ya mwaka 1989 haikupangwa kwa ajili ya turbo. Bila nozeli kubwa zaidi za kunyunyizia petroli na mpangilio mpya wa petroli na wakati wa kuwasha cheche, injini inapewa hewa nyingi na mafuta yasiyotosha. Ikifa, lawama inaiangukia turbo.

Mazda yenyewe ilitoa MX-5 yenye turbo mwaka 2004, ya lita 1.8, yenye hp 178 na mgandamizo wa 9.5. Soma tena: 9.5, juu kidogo ya ile ya 1989 inayosemwa haiwezi kuvumilia. Ilikuwa na intakula, na kompyuta yake iliijua turbo tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kuharibu gari, nakubali zaidi. Klachi, radieta, mipira iliyozeeka na giaboksi ya gia tano vyote vitadai haki yao baada ya nguvu kuongezeka. Tena si kila gari linafaa. Honda S2000 hutoa takriban hp 240 kutoka lita 2.0 bila kushindiliwa hewa, na utamu wake wote uko karibu na mizunguko 9,000 ya injini kwa dakika. Ukiijaza nguvu kwenye mizunguko ya chini, huna sababu tena ya kupanda huko juu. Hiyo ningeiacha ilivyo.

MX-5 haina siri ya namna hiyo. Ningeifunga turbo ndogo, bar 0.4 na intakula, ila baada ya kupima mgandamizo wa silinda zote nne. Moja ikiwa dhaifu, pesa ya turbo inaenda kwenye injini kwanza.