Wanaosema Ulaya hakuna undugu hawajafika Ugiriki mwezi wa nane

Tukiwa nyumbani tunapenda kusema Ulaya kila mtu na lake. Labda ni hivyo huko Stockholm, sijui. Mimi niko Athens, mtaa wa Kypseli, kazi yangu kutunza wazee majumbani mwao, na huku mama wa miaka themanini anampigia simu mwanawe mwenye mvi kumuuliza kama amekula na kama amechukua koti. Binti anaolewa, anahamia ghorofa ya juu ya mama yake. Ikifika siku ya mtakatifu mwenye jina lako, wewe ndiye unayewapelekea wenzako kazini keki, siyo wao wakuletee.

Lakini kilichonifanya niwaelewe, mimi Mchaga, ni Agosti. Tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, na wiki hiyo mtaani kwetu hata kupata mkate ni shughuli. Duka limefungwa, karatasi imebandikwa mlangoni, wenyewe wako kijijini. Muulize mtu wa Athens kwao ni wapi. Hata kama yeye na baba yake wamezaliwa hapahapa, atakutajia kijiji. Aliyewahi kugombania tiketi ya basi la kwenda kwao Moshi, stendi ya Mbezi jijini Dar es Salaam, mwezi Desemba hahitaji maelezo zaidi.

Familia ya bibi ninayemtunza kwao ni Zagori, kwenye milima ya Epirus, kaskazini magharibi, na wakienda tunakwenda wote. Anayeijua Ugiriki kwa picha za nyumba nyeupe na bahari atapotea huko. Sehemu kubwa ya nchi hii ni milima. Nyumba za Zagori ni za mawe mpaka paa, mabamba ya kijivu yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na kwenye mito kuna madaraja ya mawe ya upinde yaliyojengwa kabla magari hayajakuwepo. (Olympus, mlima wao mrefu kuliko yote, una mita 2,917. Kilimanjaro 5,895. Wakianza kujisifu huwa nawakumbusha.) Watu wa Zagori walisafiri mno zamani, wakafanya biashara Romania na Misri, na hela zao ndizo zilizojenga shule nyingi za huko. Kutuma pesa nyumbani hakukuanza na sisi.

Usiku wa sikukuu meza zinapangwa uwanjani chini ya mti mkubwa. Mpiga klarineti haanzi na ngoma ya kuchezwa. Anaanza na wimbo wa maombolezo, kwa ajili ya waliokufa, na watu wanatulia. Baadaye ndipo wanashikana mikono na kuzunguka duara, anayeongoza anaagiza wimbo wake na kuwatuza wapigaji kwa noti, vilevile kama kwenye taarabu. Vikongwe wanacheza hadi alfajiri, halafu asubuhi wananiambia goti linauma.

Pasaka nisiseme sana: mwanakondoo mzima juu ya makaa, ndafu kabisa, na usiku wa kuamkia siku hiyo supu ya maini na utumbo ambayo mla kisusio, ile supu ya damu ya Wachaga, ataitambua, ila haina damu. Kabla yake wanafunga nyama, maziwa na mayai, lakini pweza anaruhusiwa. Mtu wa pwani angeiona kwaresima hiyo ni karamu.

Halafu kuna msiba. Arobaini wanayo, kama sisi. Wanachemsha ngano, wanaitandaza juu ya kitambaa usiku kucha ikauke, wanaichanganya na zabibu kavu, lozi na komamanga, juu wanafunika sukari nyeupe ya unga na kuchora msalaba. Kanisani kila mtu anapewa kifuko chake. Niliposhika kile kifuko mara ya kwanza sikujiona mgeni.

Ila kaburi lenyewe limenishinda. Katika makaburi mengi ya Athens nafasi ni ya kukodi, kwa kawaida miaka mitatu. Muda ukiisha familia inaitwa, marehemu anafukuliwa, mifupa inaoshwa kwa divai na kuwekwa kwenye sanduku dogo lenye jina. Kununua kaburi la kudumu ni gharama ambayo wengi hawaiwezi. Nawaheshimu kwa namna wanavyoifanya kazi hiyo kwa mikono na kwa machozi, lakini babu yangu amelala kihambani, shamba la ukoo wetu, katikati ya migomba, na hakuna wa kumletea barua ya kodi. Kwa hilo tumewazidi, wala sioni haya kulisema.

Tusijisifu sana, lakini. Kile kijiji cha Zagori ikifika Januari kinabaki na wazee wachache na moshi wa kuni. Shule iliyojengwa kwa pesa za wasafiri haina watoto wa kuingia. Kijiji chao wanakipenda kweli, wanakiimba, wanakililia, ila kuishi huko hawataki. Na uchagani kwetu nyumba za ghorofa zinazoamka Desemba tu, zikiwa na mlinzi na geti la gharama, zinaongezeka kila mwaka. Ndugu zangu mnaobishana kwenye kikao cha ukoo kama ya kwetu iwe na vyumba sita au vinane, mimi nauliza kwanza: Juni atalala nani humo?